Steinmetz: Aliyepima Joto Linalopotea Ndani ya Chuma

Askari aliyepata kukesha karibu na mtambo wa simu ya upepo anaijua harufu ile. Ujumbe mrefu ukiisha kupelekwa, akipitisha mkono nyuma ya sanduku la mtambo hukuta bati lina moto, na pengine pua yake hunusa vanishi ya waya inayoanza kuungua. Betri imetoa nguvu zake. Sehemu ya nguvu hizo imekwenda hewani ikiwa habari, na sehemu iliyobaki imegeuka kuwa joto lisilomfaa mtu. Kwa nini chuma na waya vilivyotulia tuli, visivyosuguana na kitu chochote, vipate moto? Na je, yawezekana kukijua kiasi cha moto huo kabla mtambo wenyewe haujaundwa?

Swali hilo la pili lilijibiwa mwezi Januari mwaka 1892, katika jiji la New York, na kijana wa miaka 26 ambaye hakuwa na hata miaka mitatu tangu aingie nchini Marekani. Alikuwa mfupi wa futi nne na kitu, mwenye kibiongo mgongoni na mguu usiomtii sawasawa, na Kiingereza chake kilikuwa bado kina uzito wa Kijerumani. Jina lake ni Charles Proteus Steinmetz. Leo tumeona inafaa kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za maisha yake, kwa kuwa kila mtambo wa mawasiliano wanaoubeba au kuulinda una deni kwake.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Siku hizi mji huo umo nchini Poland na huitwa Wrocław. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Karl August Rudolf. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Baba yake, mtumishi wa reli, alikuwa na kibiongo kama yeye, na babu yake vivyo hivyo. Ulemavu huo ulikuwa urithi wa ukoo. Mtoto alikua akijua kwamba hatashinda mbio wala mieleka, na akaelekeza nguvu zake zote katika hesabu.

Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau kusoma hesabu, elimu ya nyota na fizikia. Wanafunzi wenzake walimpachika jina la Proteus, yule mzee wa bahari katika hadithi za Wayunani wa kale aliyeweza kujigeuza umbo kila alipokamatwa. Jina la utani wengi huliacha mlangoni wanapotoka chuoni. Yeye alilichukua, na baadaye akalifanya jina lake halali.

Hapa msomaji aliye polisi atatuwia radhi, maana hadithi yetu inafika mahali ambapo shujaa wake anawakimbia polisi. Tangu mwaka 1878 serikali ya Bismarck ilikuwa imepiga marufuku vyama vya kisoshalisti. Steinmetz alijiunga na wanafunzi waliokuwa wakikutana kwa siri, na ikamfikia zamu ya kuhariri gazeti la chama. Mwaka 1888, hali shahada ya udaktari ikiwa karibu kabisa mkononi mwake, alipata habari kwamba kukamatwa kwake kumekaribia. Akaacha shahada, akamwacha baba, akavuka mipaka hadi Zurich, nchini Uswisi. Hakurudi Breslau tena kuishi.

Zurich alisoma uhandisi kwa muda mfupi, akiishi chumba kimoja na kijana aliyeitwa Oscar Asmussen, mwenye jamaa Marekani. Tarehe 1 Juni 1889 vijana hao wawili walifika bandari ya New York. Maafisa wa uhamiaji walimtazama Steinmetz toka kichwani hadi miguuni: mwili dhaifu, mfuko mtupu, Kiingereza hana. Kwa sheria za siku hizo, mtu aliyeonekana kuwa atakuwa mzigo kwa nchi aliweza kurudishwa kwa meli ile ile iliyomleta. Asmussen ndiye aliyesimama mbele yao akamdhamini rafiki yake, na mlango ukafunguliwa. Sisi tunaoandika habari hizi tumejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama Asmussen angekuwa mtu wa kunyamaza.

Kazi aliipata katika mji wa Yonkers, karibu na New York, kwa mzee Rudolf Eickemeyer. Mzee huyu alikuwa Mjerumani aliyeingia katika mapinduzi ya mwaka 1848 na kukimbia kama Steinmetz alivyokimbia. Alikuwa ametajirika kwa mashine za kutengenezea kofia, kisha akaanza kuunda mota za umeme. Na hapo ndipo tatizo la joto lilipomkabili kijana wetu.

Tulieleze tatizo lenyewe taratibu, maana ndilo kiini cha makala hii. Chuma kikizungushiwa waya wenye umeme hugeuka sumaku. Umeme ukiwa wa namna ile ya kwenda na kurudi, sumaku nayo hugeuka: kaskazini inakuwa kusini, na kusini kaskazini. Tukiufananisha ukweli na kitu kilicho karibu na msomaji wetu, tuseme ndani ya chuma kuna askari wengi wadogo wadogo waliopangwa kwenye gwaride. Umeme ndiye afande. Akitoa amri ya nyuma geuka, wote sharti wageuke. Lakini si askari wa chuma wanaogeuka mara moja na kwa pamoja. Wako wanaochelewa, wako waliozoea upande waliokuwa wakitazama, na afande hulazimika kutumia nguvu ya ziada kuwageuza. Nguvu hiyo ya ziada hairudi. Inakuwa jasho la gwaride, yaani joto. Katika umeme wa majumbani amri hiyo ya kwenda na kurudi hukamilika mara 50 au 60 katika kila sekunde, mchana kutwa.

Tabia hii ya kuchelewa kwa chuma ilipewa jina la histeresi na James Alfred Ewing, Mwingereza wa Scotland aliyekuwa akifundisha Tokyo, nchini Japani, tangu mwaka 1878 hadi 1883. Hapa tunachepuka kidogo, kwani ndugu askari watapenda kujua kwamba bwana huyu ndiye aliyekabidhiwa, mwaka 1914 vita vikuu vilipoanza, kuanzisha ofisi ya siri ya majeshi ya majini ya Uingereza iliyofumbua maandishi ya mafumbo ya simu za upepo za Wajerumani. Mtu aliyeanza kwa kuchunguza chuma akaishia kuchunguza adui.

Basi Ewing alikuwa amepima na kuandika tarakimu nyingi, lakini kanuni ya kuziunganisha haikuwapo. Mhandisi aliyetaka kuunda mota aliiunda, akaiwasha, akangoja. Ikiwa moto kupita kiasi, aliivunja akaanza upya, na fedha zikapotea. Steinmetz alizichukua tarakimu za Ewing na kuzikalia. Akaona kwamba kiasi cha joto kinachopotea katika kila mzunguko hupanda pamoja na nguvu ya sumaku, ila hakipandi sawa nayo, bali hufuata kipeo cha 1.6. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: ukiongeza nguvu ya sumaku ndani ya chuma mara mbili, hasara ya joto haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara tatu, ukiiongeza mara nne, hasara inapanda zaidi ya mara tisa. Kila aina ya chuma ina namba yake moja, na ukiisha kuijua namba hiyo, unaweza kuketi mezani na kalamu ukaambiwa na hesabu mtambo utapata moto kiasi gani, hata kabla fundi hajakata bati la kwanza.

Alitangaza jambo hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1890 katika jarida la wahandisi, kisha akafanya majaribio yake mwenyewe juu ya vyuma vya namna nyingi, na tarehe 19 Januari 1892 akasoma matokeo mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme wa Marekani. Mwezi Septemba mwaka ule ule akaongeza sehemu ya pili. Watu walioingia mkutanoni bila kumjua walitoka wakiuliza ametoka wapi.

Ipo hasara nyingine inayotembea bega kwa bega na hii. Chuma chenyewe hupitisha umeme, na sumaku inapogeuka huamsha ndani yake mikondo ya umeme inayozunguka bure kama maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe mtoni. Mikondo hiyo nayo huzaa joto. Dawa yake ilikuwa imekwisha kujulikana: chuma kisiwe pande moja, bali kikatwe mabati membamba yaliyopakwa vanishi na kupangwa kama kurasa za kitabu, ili mikondo ikose njia. Hasara hii hufuata mraba. Mizunguko ya umeme ikiwa mara mbili, joto lake huwa mara nne.

Muda si mrefu kampuni kubwa ya General Electric ilinunua biashara ya Eickemeyer, na inasemwa na wengi kwamba pamoja na mashine, kampuni ilikuwa ikimtaka Steinmetz. Mwaka 1893 alikwenda Lynn, Massachusetts, na mwaka 1894 akahamia Schenectady katika jimbo la New York, alikokaa hadi kufa. Katika mkutano wa Chicago wa mwaka 1893 aliwaonyesha wahandisi njia ya kuhesabu umeme wa kwenda na kurudi kwa namba changamano, njia ambayo mpaka leo hufundishwa katika kila chuo cha ufundi. Mambo hayo yanastahili makala yake peke yake. Sisi turudi kwenye joto.

Karibu na mwaka 1900, Reginald Fessenden, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa na ndoto ya kupeleka sauti ya binadamu kwa mawimbi ya redio. Siku hizo mitambo ya simu ya upepo ilirusha cheche, na cheche hufaa kwa alama za Morse tu. Sauti ilihitaji mawimbi yasiyokatika. Fessenden aliwaza kwamba jenereta inayozunguka kwa kasi kubwa mno inaweza kuyatoa, akaagiza mashine hiyo General Electric. Steinmetz mwenyewe ndiye aliyeunda ya kwanza. Ilikamilika mwaka 1903 nayo ilitoa mizunguko 10,000 kwa sekunde. Kwa wakati wake ilikuwa ajabu, lakini haikumtosha Fessenden. Alitaka mizunguko 100,000.

Ndugu msomaji, hebu tulinganishe. Gwaride la umeme wa nyumbani lina amri 50 kwa sekunde; Fessenden alitaka laki moja, yaani mara 2,000 zaidi. Kwa kanuni ya Steinmetz, joto la histeresi kwa kila sekunde huongezeka mara 2,000 ikiwa nguvu ya sumaku haikupunguzwa. Joto la ile mikondo ya kuzunguka, kwa hesabu kavu, huongezeka mara milioni nne. Chuma kisichoandaliwa kingewaka kama mkaa wa mhunzi.

Kazi hiyo ngumu ilimwangukia Ernst Alexanderson, kijana kutoka Sweden. Yeye alikuwa amesoma kitabu cha Steinmetz kilichotoka mwaka 1897, kikamvuta hata akapanda meli kwenda Marekani mwaka 1901 kumtafuta mwandishi wake, na kwa msaada wa Steinmetz akapata nafasi katika kampuni. Sasa kukatokea ubishi. Fessenden, akiogopa hasara za chuma, alishikilia kwamba sehemu ya mashine inayobeba waya itengenezwe kwa mbao. Mbao haina sumaku, basi haina histeresi wala mikondo ya bure. Alexanderson aliamini kwamba chuma kilichokatwa mabati membamba sana, na kupewa nguvu ya sumaku iliyopimwa kwa hesabu, kingevumilia na kutoa nguvu nyingi zaidi. Mwenye fedha ndiye mwenye amri: mashine ikaundwa kwa mbao, ikapelekwa Brant Rock, katika pwani ya Massachusetts, na mwezi Desemba 1906 Fessenden alipeleka sauti na muziki hewani mbele ya mashahidi.

Tunaona Fessenden hakuwa mjinga. Mbao zilifanya kazi. Lakini zilifanya kazi kwa nguvu ndogo, na aliyetaka kuvuka bahari hakuweza kuvuka kwa mbao. Alexanderson alirudi kwenye chuma chake, na hatimaye hesabu ikashinda. Rota ya mashine yake ya mizunguko laki moja ilikuwa na meno 300 na ilizunguka mara 20,000 kwa dakika. Mashine kubwa zilizofuata zilikuwa za polepole zaidi katika mizunguko lakini zenye nguvu ya kilowati 200. Moja iliwekwa New Brunswick, New Jersey, na mwaka 1918, vita vikiwa vinaelekea mwisho, Jeshi la Majini la Marekani liliitumia kupeleka habari mpaka Ulaya.

Steinmetz wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mzee maarufu wa Schenectady. Maabara ya utafiti ya kampuni ilianza mwaka 1900 katika banda la farasi nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi. Alikuwa rais wa taasisi ya wahandisi wa umeme mwaka 1901 hadi 1902, na akafundisha katika Union College. Majira ya joto alikwenda kwenye kibanda chake kando ya kijito, akaingia katika mtumbwi, akaweka ubao juu ya magoti na kufanya hesabu huku maji yakimchukua polepole. Sigara haikumtoka mdomoni.

Hakuoa. Alikuwa ameamua kwamba kibiongo cha ukoo kikome kwake. Lakini nyumba yake haikuwa kimya: alimfanya mwana msaidizi wake wa maabara, Joseph Hayden, ambaye alihamia kwake pamoja na mkewe, na watoto watatu wa Hayden walimwita babu. Usoshalisti wake nao hakuuacha baharini. Chama chake kiliposhinda uchaguzi wa mji mwaka 1911, alifanywa mkuu wa halmashauri ya shule, na baadaye akachaguliwa kuongoza baraza la mji. Mwaka 1922 alimwandikia Lenin kujitolea kusaidia mpango wa kuieneza Urusi umeme, na Lenin akamjibu. Kampuni ya mabepari iliyomlipa mshahara ilijua hayo yote na ikanyamaza. Inaelekea ilipiga hesabu zake nayo.

Mwaka huo huo alitengeneza radi yake mwenyewe ndani ya maabara, ya volti 120,000, ili ajue namna ya kuzilinda nyaya za umeme dhidi ya radi ya mbinguni. Mwaka uliofuata alisafiri hadi pwani ya magharibi ya Marekani, akarudi amechoka. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba 1923 alikutwa amefariki kitandani. Alikuwa na miaka 58, na jina lake lilikuwa limeandikwa katika hataza zaidi ya 200.

Na kanuni yake? Ile namba 1.6 ilikuwa ya chuma cha siku zake. Siku hizi koili nyingi za redio hutumia feraiti, kitu cheusi kigumu kama kigae kinachotengenezwa kwa oksidi ya chuma, na kipeo chake huwa kati ya 2 na 3, lakini umbo la kanuni ni lile lile na wahandisi bado huliita kwa jina la Steinmetz. Wako watu wa redio ya ridhaa, wanaopeleka mawimbi kwa mapenzi tu bila malipo, ambao tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2007 wamepewa nafasi karibu na mizunguko 136,000 kwa sekunde. Wimbi lao moja lina urefu wa mita 2,200, na mlingoti wa nyuma ya nyumba mbele ya wimbi kama hilo ni kijiti. Ili kijiti hicho kikubali umeme, huwekewa koili kubwa chini yake, na umeme wote sharti upite humo. Wameruhusiwa kurusha wati moja tu, na ili wati hiyo moja itoke, mara nyingi husukuma wati mia kadhaa. Zilizobaki huishia ardhini na katika koili. Wako walioona bomba la plastiki lililobeba koili likilainika kama mshumaa. Na anayetia feraiti ndani bila kuhesabu hupata adhabu nyingine: feraiti ikipata moto kupita mpaka wake sumaku huipungukia, koili inatoka katika mlingano, na mtambo unakataa kazi katikati ya ujumbe. Ndiyo maana wengi wao huziacha koili zao na hewa tupu katikati, kama Fessenden na mbao zake.

Mashine moja ya Alexanderson yenye kilowati 200 ingali nzima. Imo Grimeton, pwani ya magharibi ya Sweden, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1925, miaka miwili baada ya Steinmetz kuzikwa, na tangu mwaka 2004 kituo hicho kimo katika orodha ya urithi wa dunia. Minara sita yenye kimo cha mita 127 imesimama kwa mstari. Rota yake ina meno 488; mafundi huifikisha mizunguko 2,115 kwa dakika, na hapo mawimbi 17,200 kwa sekunde huondoka. Nafasi kati ya rota na chuma kilichotulia ni kama milimita moja, basi chuma kikivimba kwa joto kupita kipimo vitagusana. Karibu kila mwaka, tarehe 24 Desemba, huwashwa asubuhi ikapeleka salamu kwa Morse, huku maji ya kupoza yakipita ndani ya mashine na mafundi wakitazama vipima joto.